Kishikwambi kimoja, watoto 94: nikitumie au nikifungie kabatini?

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali huku mkoani Tabora. Darasa langu lina watoto 94. Wanakaa watatu kwa dawati, mengine wanabanana wanne, na wachache wako chini kwenye mkeka.

Kama walimu wenzangu, nami nilipewa kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, na kujaza takwimu anazotaka Afisa Elimu Kata, basi. Mwaka huu nikasema hapana, na watoto wafaidi. Tulikuwa na mada ya hatua za ukuaji wa mbu. Nikanunua bando kwa hela yangu, nikapakua video nzuri sana, ya Kiingereza lakini nikawa natafsiri mwenyewe. Nikasimama mbele ya darasa, nikakiinua juu.

Bibi, darasa liligeuka mnada! Wa mbele walisimama, wa nyuma wakapanda juu ya madawati, wa kwenye mkeka wakaanza kulia kwamba hawaoni. Nikaamua kuzunguka nacho dawati kwa dawati. Kengele ililia nikiwa safu ya tatu, na kule nyuma wavulana wawili walishashikana mashati.

Zile kelele zilimleta mwalimu mkuu. Akaniambia mbele ya watoto: "Hiyo ni mali ya serikali, umesaini wewe, kikivunjika unalipa wewe. Kirudi kabatini." Ofisini wenzangu wakanicheka, wakasema najifanya mwalimu wa shule za ada. Kesho yake mzazi mmoja akaja kulalamika kwamba watoto wanakatazwa kuja na simu shuleni, halafu mwalimu ndiye anayewazoesha kuangalia video.

Mimi naona kifaa hiki kina faida. Juzi tu nilimrekodi mtoto mmoja ambaye mpaka leo silabi zinamshinda, nikairusha video kwenye grupu la WhatsApp la wazazi ili waone hali halisi. Wazazi waliamka kweli, wiki hiyo wengi walikuja kuniulizia maendeleo ya watoto wao. Kwa hiyo sitaki kukata tamaa.

Niendelee au nitii tu nikifungie? Nimefikiria pia kuchukua mkopo kidogo ninunue prodyekta ili wote waone. Unanishauri nini?

Mwalimu wa Darasa la Tatu, Tabora


Marahaba mwanangu.

Mwalimu mkuu wako tutamfikia, usiwe na haraka. Kipindi chako kilishaharibika kabla yeye hajaingia, na tukimaliza kumlaumu yeye bado watoto 94 watakuwa wanakusubiri palepale.

Kioo cha kishikwambi ni kidogo. Kimetengenezwa kishikwe na mtu mmoja, naye akisogeze karibu na uso. Hata huko kwenye sensa, karani alikuwa amekaa na mkuu wa kaya mmoja, anauliza, anabonyeza, anasonga nyumba ya pili, mpaka tukahesabiwa Watanzania 61,741,120. Hakukiinua mbele ya kijiji kizima. Ukikiinua mbele ya darasa, mtoto wa dawati la nne anachoona ni mng'ao wa dirisha. Lazima apande dawati. Ningekuwa mimi ningepanda.

Kwa hiyo jibu langu ni uendelee, ila usikionyeshe tena darasa zima. Kwa darasa zima kitumie kwa masikio. Kwa macho, kitumie kwa kundi moja moja.

Masikio kwanza. Sisi wazee tulifundisha kwa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na vipindi vya shule, tunaweka redio moja mezani, darasa zima kimya, na hakuna mtoto aliyegombania kuiona. Kishikwambi chako nacho kina sauti, tena kinakushinda wewe kwa jambo moja: hakichoki kurudia. Jioni ukiwa nyumbani, jirekodi ukisoma hadithi fupi, taratibu, ukiacha nafasi kila baada ya sentensi ili watoto waitikie. Kesho yake unakiweka mezani na spika ndogo, unabonyeza, halafu unaondoka mbele. Unapita katikati ya madawati. Hapo utamsikia Juma anayefumbua mdomo bila kutoa sauti, na utamwona yule wa kwenye mkeka anayeweka kidole kwenye mstari wa tatu wakati wenzake wako wa kwanza. Mwalimu anayesoma mwenyewe ubaoni hawaoni hao. Kwa darasa la watu 94, kujipatia nafasi ya kwenda nyuma huku sauti yako imebaki mbele ni utajiri.

Maandishi ya hadithi yenyewe yaandike ubaoni, au kwenye karatasi ngumu ya manila uitunze kwa mwaka ujao. Hadithi za kupakua zipo. Mtandaoni, African Storybook wana hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, bure, zimepangwa kwa ngazi, na leseni yao inakuruhusu kuzichapa, kuzinakili na hata kuzibadilisha ziendane na watoto wako. Programu yao ya kusomea inakuwezesha kuzihifadhi ukiwa na mtandao, ukazisome shuleni bila bando. Vitabu vya kiada navyo viko kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unajiandikisha unasoma bure. Usiku mmoja wenye mtandao mzuri unakutosha kuandaa wiki nzima.

Sasa macho. Wagawe watoto makundi ya wanane, utapata kama kumi na mawili. Kila siku ya shule kundi moja linakaa na kishikwambi kwa robo saa huku wengine wote wana zoezi ubaoni, zoezi la kweli la kuandika. Kwa wiki mbili na siku mbili kila mtoto atakuwa amekigusa. Wale ambao silabi zinawashinda wape zamu mbili, hata kama wazazi wa wenye akili nyingi watanuna. Kiwe juu ya meza, kimeegemezwa kwenye vitabu, hakuna anayekibeba. Mikono inanawa kwanza, na hili usilidharau, mafuta ya maandazi yameua vioo vingi kuliko kudondoka. Kwenye mipangilio ya usalama ya simu na vishikwambi vya Android kuna sehemu ya kubandika programu moja kwenye skrini. Ukishaiwasha pamoja na namba yako ya siri, mtoto hawezi kutoka kwenye hadithi akaenda kwenye picha zako za harusi.

Kuhusu mbu, mwanangu, hapo nina ugomvi na wewe kidogo. Ulinunua bando ili uwaonyeshe watoto wa Tabora viluwiluwi wa mbu kwa Kiingereza, wakati viluwiluwi wenyewe wako kwenye tairi bovu nyuma ya nyumba ya mwalimu. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyo safi, ikate juu, chota maji yale na wenyewe ndani. Funika kwa kipande cha chandarua, ufunge kwa mpira, ili wakishakuwa mbu kamili wasiwaume watoto waliowafuga. Kuanzia yai hadi mbu ni wiki moja hadi mbili hivi kwa joto letu, kwa hiyo mada nzima inakamilika mbele ya macho yao.

Kishikwambi kinaingia hapo kama jicho la pili. Weka karatasi nyeupe nyuma ya chupa, sogeza kamera, piga video ya dakika moja kila asubuhi saa ileile. Utaona jambo ambalo video yako ya kupakua huenda haikulionyesha vizuri. Viluwiluwi wa Anofelesi, anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Wa Kuleksi, yule mbu wa kwenye maji machafu anayetusumbua usiku, huning'inia kichwa chini, mkia juu, anapumua kwa mrija. Mtoto wa Darasa la Tatu akishaijua tofauti hiyo hataisahau, na akirudi nyumbani ataenda kukagua ndoo za mama yake. Baada ya wiki mbili unaziunganisha zile video, kundi kwa kundi wanaangalia mbu wao wenyewe wakikua kwa dakika chache. Wanaeleza wao, kwa Kiswahili chao, wewe unasikiliza. Ukimaliza, mwaga yale maji juani palipo pakavu, si kwenye mtaro.

Kuna watu watakuambia vifaa hivi ni upuuzi, na wengine watakuambia vitaokoa elimu. Wote wana mahali pa kunyooshea kidole. Tanga, katika vijiji 170, lilifanyika jaribio la shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto wapatao 2,700, wengi wao hawajawahi kuingia darasani, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 kati yao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kwa washindi wawili, onebillion na Kitkit School, na programu za washiriki wa fainali ziliachwa wazi mtu yeyote azitumie. Mtafute kijana wa kompyuta hapo mjini akuangalizie kama zinakubali kwenye kifaa chako.

Lakini soma habari ile mpaka mwisho. Kule kila mtoto alikuwa na chake, programu zilikuwa za Kiswahili tangu mwanzo, kulikuwa na kituo cha kuchaji kwa jua kijijini, na kulikuwa na mama wa kijiji aliyekabidhiwa jukumu la kuviangalia vifaa. Huyo mama kwangu mimi ni muhimu kuliko dola zote. Peru walinunua kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu wakawagawia watoto. Utafiti uliotoka 2012 katika shule 319 za vijijini haukuona watoto wakipanda kwenye hesabu wala lugha. Majirani zetu Kenya waliahidiwa kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, tableti zikaanza kufika shuleni 2016, zaidi ya milioni moja, na ukizungumza na walimu wa huko watakutajia kabati lenye kufuli. Kabati kama lako.

Tumfikie sasa mwalimu mkuu. Kukusema mbele ya watoto si uungwana, hilo siwezi kumtetea. Hofu yake lakini naielewa. Kifaa kikipotea au kikivunjika, barua ya kutoka kwa mkurugenzi inapita mezani kwake kwanza, na maelezo ataandika yeye. Mtu mwenye hofu ya barua mtulize kwa barua. Mwandikie ukurasa mmoja tu: unaomba kutumia kishikwambi ulichokabidhiwa kufundishia Kusoma na Sayansi, kwa makundi, siku fulani na fulani, kitakuwa mezani, kina kava na kioo cha kuzuia mikwaruzo, na kikipata hitilafu utatoa taarifa ya maandishi siku hiyohiyo. Kumbusha kwa adabu kwamba serikali ilipovigawa kwa walimu mwishoni mwa 2022 ilisema ni vya kuboresha ufundishaji na ujifunzaji, hivyo hujaanzisha jambo geni. Nakala baki nayo. Akikubali, mwombe aandike amekubali. Akikataa, aandike pia, na hapo utaona wanavyokuwa wazito kuandika neno "hapana".

Kwenye andalio la somo kitaje kishikwambi kama zana, pamoja na ile chupa ya viluwiluwi. Siku Mthibiti Ubora wa Shule akija, atauliza zana, na mwalimu mkuu ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuonyesha kwa kidole. Nimewaona wengi wa aina hiyo. Pia omba dakika ishirini kwenye kikao cha MEWAKA uwaonyeshe wenzako ule mtindo wa kujirekodi. Usiwahubirie. Kati ya wanaokucheka yuko mmoja ambaye koo lake limekwisha kwa kupiga kelele darasani, huyo atakufuata pembeni.

Mzazi naye mwite aje akae na kundi moja kwa robo saa. Hakuna maelezo yatakayoshinda kumwona mwanawe akisoma. Simu ya mtoto inaingia na mtoto mfukoni, hakuna anayejua anaangalia nini. Kishikwambi chako kipo mezani, kina hadithi moja, na mwalimu yuko pale. Hiyo ndiyo tofauti, mweleze hivyohivyo. Lakini uwe mkweli naye: kama katika shule yenu wapo walimu wanaokaa darasani wakiperuzi status watoto wakinakili ubaoni, mzazi ana haki ya kuuliza, na huenda ndicho alichokuja kusema akashindwa kukitamka.

Sasa lile ulilolipitia haraka kwenye barua yako kama jambo la kujivunia. Ile video ya mtoto uliyoirusha kwenye grupu, ifute leo, uwaombe na wazazi waifute kwenye simu zao. Najua ulikuwa na nia njema, na najua wazazi waliamka. Waliamka kwa sababu mtoto wa mwenzao aliaibishwa, nao wakaogopa zamu yao. Yule mtoto ana kaka zake, ana jirani, ana watu wa msikitini au kanisani kwao, na video ya WhatsApp haina mwisho wa safari. Mtoto ambaye silabi zinamshinda akishajua kijiji kizima kimemsikia akikwama, atafunga mdomo darasani, na hapo hata hadithi zangu zote hazitakusaidia.

Mbali na ubinadamu kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za mtu, na sura na sauti ya mtoto ni taarifa zake. Mzazi wa yule mtoto hajakuja bado. Mwendee wewe kwanza, nyumbani kwake, na salamu, umwombe radhi, kisha mkae mzungumze namna ya kumsaidia mwanawe. Ukitaka kumrekodi mtoto ili ufuatilie maendeleo yake, mwombe mzazi ruhusa kabla, msikilize wewe na mzazi wake peke yenu, muhula ukiisha ufute. Wazazi wengine wape jumla tu: watoto kadhaa bado hawajamudu silabi, njooni tuongee mmoja mmoja. WhatsApp yako ya familia itoe kabisa kwenye kile kifaa, ibaki kwenye simu yako.

Prodyekta usichukulie mkopo. Inataka umeme wa uhakika, chumba chenye mapazia na ukuta mweupe. Darasa lenye madirisha yasiyo na vioo saa nne asubuhi huko Tabora halitaonyesha kitu. Tena shule ikishaiona itakuwa ya mikutano na sherehe za mahafali, na deni litabaki lako. Ukiwa na hela kidogo nunua spika ya kuchaji, ile ndogo wanayowekea nyimbo vijana wa bodaboda, na kava la mpira. Bando nalo lisitoke kwenye mshahara wako kila wiki. Peleka hoja kwenye kamati ya shule, mwombe mwenyekiti liingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho, na ile barua aliyoikubali mwalimu mkuu iwe mkononi.

Bibi Mwalimu